Namna ya Kuutegemea Uaminifu wa Mungu Unapopita Katika Magumu: Mwongozo Kamili wa Hatua kwa Hatua

Maneno ambayo Wakristo wengi huyakimbilia shida inapobisha hodi, yale yasemayo kwamba rehema za Bwana ni mpya kila siku asubuhi na kwamba uaminifu wake ni mkuu, hayakuandikwa na mtu aliyeshiba. Yamo katika Maombolezo 3:22-23, kitabu kinachoulilia mji wa Yerusalemu baada ya kuangushwa na Wababeli yapata mwaka 587 KK, mji uliokuwa umezingirwa kwa takribani mwaka mmoja na nusu, hekalu likiwa limechomwa moto na watoto wakizimia kwa njaa vifuani mwa mama zao, kama sura ya 2 inavyosimulia bila kuficha. Mwandishi hakuanza na rehema. Alitumia mistari ishirini ya mwanzo ya sura hiyo ya 3 kusema kwamba Mungu amemvizia kama dubu, amemfungia njia kwa mawe na kumvunja meno kwa changarawe. Anayeyanukuu maneno ya mstari wa 22 na 23 bila kupita kwenye hiyo ishirini ameokota tunda asijue mti wake.

Nayasema haya kwa sababu mafundisho mengi tunayopewa kuhusu kumtegemea Mungu yanahusu namna tunavyopaswa kujisikia: uwe na amani, usiwe na hofu, furahi siku zote. Mimi, baada ya miaka ya kuhudumu kama mzee wa kanisa na baada ya kupita kwenye magumu yangu mwenyewe, nimefikia hitimisho kwamba kutegemea ni kazi, tena kazi ya mikono na kinywa, inayofanyika hata siku ambayo moyo umegoma kabisa kushiriki. Mwongozo huu unaieleza kazi hiyo.

Lugha yetu wenyewe inatusaidia hapa. Amini, imani, uaminifu, amana na amina ni maneno ya ukoo mmoja, yaliyotufikia kwa njia ya Kiarabu, na neno la Kiebrania lililotafsiriwa "uaminifu" katika Maombolezo 3:23, yaani emuna, linatoka kwenye mzizi huohuo. Amana ni kitu unachomwachia mtu akutunzie, ukaondoka ukijua utakikuta. Paulo, akiwa kifungoni na akiona mwisho wake unakaribia, alimwandikia Timotheo kwamba anamjua yeye aliyemwamini, na ana hakika kwamba aweza kukilinda kile alichokiweka amana kwake (2 Timotheo 1:12). Neno hilohilo la emuna ndilo linaloieleza mikono ya Musa katika Kutoka 17:12, siku Israeli walipopigana na Waamaleki, mikono iliyokaa imara hata jua likachwa. Lakini angalia jinsi ilivyokaa imara: Musa alikuwa amechoka, wakamletea jiwe akakalia, Haruni akaushika mkono mmoja na Huri akaushika wa pili. Mikono ilitetemeka, ikashikiliwa, na Biblia ikaiita imara vilevile.

Utakachohitaji

Tafuta daftari, na ukipata kaunta buku ni bora zaidi kwa kuwa haichaniki upesi, kalamu, Biblia, na mtu mmoja unayeweza kumwambia ukweli wote bila kuusikia tena kesho yake sokoni. Huyo wa mwisho ndiye mgumu kumpata. Hatua mbili za kwanza zinaweza kukamilika kwa siku mbili tatu, ila zinazofuata ni za kuishi nazo kwa muda wote ambao shida itadumu.

Hatua ya kwanza: Iite shida kwa jina lake

Watu wa kanisani tuna lugha ya kufunikia mambo. Tunasema "napita kwenye jaribu", "niombeeni, kuna mambo hayajakaa sawa", na hata tukiwa peke yetu mbele za Mungu tunaendelea na lugha hiyohiyo. Kaa chini uandike shida yako kwa maneno ambayo mtoto wa darasa la sita angeyaelewa: ni nini kimetokea, tangu lini, kimemgusa nani, na kama kuna fedha, ni shilingi ngapi. Usiandike "hali ya uchumi ni ngumu". Andika: "Sina kazi tangu Machi. Kodi inaisha tarehe 30. Nadaiwa kikoba 340,000. Dawa za presha za mama zimebaki za siku tisa."

Mwaka 2016 nilipopoteza kazi, nilikaa wiki kadhaa nikiomba Mungu afungue milango huku nikiogopa kupiga hesabu ya madeni yangu. Siku nilipokaa mezani na mke wangu tukaandika kila kitu, tuligundua kwamba lile deni lililokuwa likininyima usingizi lilikuwa nusu ya nilivyodhani, na lile nililolidharau, la duka la jirani tulipokuwa tukichukua sukari na mafuta ya kula "tutalipa mwisho wa mwezi", ndilo lililokuwa limevimba kimyakimya. Nilikuwa nimemwomba Mungu aondoe mlima ambao haukuwepo. Bwana Yesu alimwuliza Bartimayo, kipofu ambaye shida yake ilionekana na kila mtu njiani pale Yeriko, "Wataka nikufanyie nini?" (Marko 10:51). Swali hilo linahitaji jibu lenye jina.

Ukimaliza, weka alama pembeni mwa yale ambayo wewe mwenyewe unaweza kuyafanyia kitu wiki hii, hata kama ni kidogo, kama vile kumpigia simu mwenye nyumba kabla hajakupigia yeye.

Hatua ya pili: Tofautisha alichoahidi Mungu na kile ulichoahidiwa na watu kwa jina lake

Hapa ndipo imani za wengi huvunjikia. Mtu anasema Mungu amemwangusha, kumbe kilichoanguka ni ahadi ambayo Mungu hakuitoa.

Chukua Yeremia 29:11, mstari unaobandikwa kwenye vioo vya daladala na kadi za mahafali, usemao kwamba Bwana anayajua mawazo anayotuwazia, mawazo ya amani wala si ya mabaya. Ni neno la kweli, lakini lilikuwa ndani ya barua iliyopelekwa kwa watu waliokwisha kuchukuliwa mateka Babeli, na mstari unaoutangulia unawaambia kwamba watakaa huko miaka 70. Wengi waliosikia barua ile ikisomwa hawakuwa na tumaini la kurudi wakiwa hai. Ndiyo maana mistari ya 5 hadi 7 inawaagiza wajenge nyumba, wapande bustani, waoze watoto wao na kuutakia amani mji ule wa ugenini. Katika sura iliyotangulia alikuwapo nabii mwingine, Hanania, aliyesimama hekaluni mbele ya makuhani na watu wote akatangaza kwamba ndani ya miaka miwili kila kitu kitarudishwa, kisha akaivunja nira ya mti iliyokuwa shingoni mwa Yeremia ili watu waone. Kati ya miaka miwili na sabini, wewe ungemchangia nani sadaka? Hanania alifariki mwaka uleule, na miaka yake miwili ikapita bure.

Kwa hiyo chora mstari katikati ya ukurasa. Upande mmoja andika aliyoyaahidi Mungu, pamoja na sura na mstari wake: kwamba yu pamoja nasi siku zote (Mathayo 28:20), kwamba hatatupungukia wala kutuacha (Waebrania 13:5), kwamba hakuna kitakachotutenga na upendo wake (Warumi 8:38-39), kwamba hatatuacha tujaribiwe kupita tuwezavyo (1 Wakorintho 10:13), kwamba atawafufua walio wake. Upande wa pili andika ambayo hujayakuta yameahidiwa popote: kwamba ugonjwa huu lazima upone kabla ya kufa, kwamba kazi itapatikana kabla ya Desemba, kwamba aliyekuacha atarudi. Haya ya upande wa pili unaruhusiwa kabisa kuyaomba, tena kwa bidii, lakini usiyafanye kuwa kipimo cha kuamua kama Mungu ni mwaminifu.

Paulo, ambaye leso na nguo zilizogusa mwili wake zilipelekwa kwa wagonjwa huko Efeso wakapona (Matendo 19:12), anaandika katika barua yake kwa Timotheo, bila kujitetea wala kutoa maelezo, kwamba Trofimo amemwacha Mileto akiwa hawezi (2 Timotheo 4:20). Ningependa kila mhubiri wa uponyaji aulalie mstari huo usiku mmoja. Na wale vijana watatu wa Babeli, walipotishiwa tanuru la moto, walisema kwamba Mungu wao aweza kuwaokoa, kisha wakaongeza maneno mazito kuliko yote katika sura ile: bali kama si hivyo, hatutaiabudu sanamu (Danieli 3:17-18). Walijua aliyoyaahidi Mungu na walijua yale ambayo hakuwaahidi.

Hatua ya tatu: Omboleza, tena kwa utaratibu

Watu wa kwetu tunajua kuomboleza. Msiba ukitokea tunatandika mikeka, tunakesha, majirani wanaleta kuni na unga, na siku ya kuanua matanga inajulikana. Cha ajabu ni kwamba tukiingia kanisani tunaambiana tusilie "kama wasio na tumaini", tukisahau kwamba 1 Wathesalonike 4:13 inakataza huzuni ya aina fulani, si huzuni yenyewe, na kwamba Yesu alilia akielekea kaburi la Lazaro, muda mfupi kabla ya kumfufua, akijua fika atakachofanya. Anayemlilia Mungu bado anamhesabu kuwa mhusika. Aliyekata tamaa kabisa hana tena wa kumlalamikia.

Zaburi ya 13 ni darasa zuri la kuanzia kwa sababu ni fupi, mistari sita tu. Mistari miwili ya kwanza inauliza "hata lini" mara nne. Miwili inayofuata inaomba: niangalie, unijibu, uyatie nuru macho yangu. Miwili ya mwisho inamtumaini Mungu na kumwimbia, ingawa hakuna mahali zaburi inaposema kwamba hali ilikuwa imebadilika. Chukua sehemu hizo tatu, yaani malalamiko, ombi na tumaini, uandike ombolezo lako mwenyewe. Hili ni mfano wa jinsi linavyoweza kuwa:

"Ee Bwana, hata lini? Ni mwezi wa tano napeleka barua za maombi ya kazi na hakuna anayejibu. Hata lini mwanangu arudishwe nyumbani kwa sababu ya ada? Jana aliingia saa nne asubuhi, akavua sare, akaikunja vizuri, akaiweka juu ya kabati, wala hakuniuliza kitu. Niangalie, unijibu. Nipatie kazi yoyote ya halali kabla ya muhula ujao, na unipe maneno ya kumwambia mtoto huyu jioni ya leo. Wewe ulimlisha bibi yangu, aliyelea yatima sita kwa jembe moja. Nimezitumainia fadhili zako, ingawa leo sizioni."

Yako mambo matatu ya kuzingatia. La kwanza, sema na Mungu, usimseme. Badilisha kila "Mungu ameniacha" iwe "umeniacha". Kisarufi ni badiliko dogo, lakini la kwanza ni manung'uniko na la pili ni sala, na Zaburi zimejaa la pili. La pili, usiipambe: sare iliyokunjwa juu ya kabati ina nguvu kuliko "Ee Mungu Mwenyezi muumba wa mbingu na nchi, twakuja mbele zako" lililotamkwa kwa mazoea. La tatu, usiiruke sehemu ya tumaini hata kama midomo imekauka. Si lazima uihisi. Itaje kama unavyotaja jina la mtu aliye safarini, ambaye humwoni lakini unajua yupo.

Kitabu cha Maombolezo kina siri nyingine ya kazi inayofaa wale ambao majonzi yao hayana mwanzo wala mwisho. Sura ya 1, ya 2 na ya 4 zina mistari 22 kila moja, na ya 3 ina 66, kwa sababu alfabeti ya Kiebrania ina herufi 22, na kila mstari, au kila kundi la mistari mitatu katika sura ya 3, unaanza na herufi yake kwa zamu. Mtu aliyeona mji wake ukiteketea alijifunga kwenye alfabeti. Nadhani alihitaji ukingo, kama mto unavyohitaji kingo ili usiwe mafuriko. Fanya hivyo kwa Kiswahili: mstari mmoja kwa A, mmoja kwa B, mmoja kwa Ch, na kuendelea, herufi tano kwa siku. Ukifika mwisho wa herufi zako tano, funga daftari ukapike.

Je, tumaini likikataa kabisa kuandikika? Basi soma Zaburi ya 88, ambayo inamwita Bwana kuwa Mungu wa wokovu wangu katika mstari wake wa kwanza, kisha inashuka moja kwa moja hadi gizani na kuishia hukohuko. Wanaofikiri sala isiyo na mwisho mzuri ni dhambi wangelazimika kuing'oa zaburi hiyo kwenye Biblia zao.

Hatua ya nne: Weka kumbukumbu zenye tarehe

Israeli walipovuka Yordani, Yoshua aliagiza mawe 12 yatolewe katikati ya mto, pale miguu ya makuhani iliposimama, ili watoto watakapouliza wapate cha kuonyeshwa (Yoshua 4). Baadaye Samweli akasimamisha jiwe akaliita Ebenezeri, akisema kwamba hata sasa Bwana ametusaidia (1 Samweli 7:12). Tunalipenda jina hilo na tunawapa watoto na maduka yetu, lakini wachache huangalia sura ya 4 ya kitabu hichohicho, ambamo jina la Ebenezeri ndilo la mahali Israeli walipopiga kambi siku waliposhindwa vibaya na Wafilisti na kunyang'anywa sanduku la agano. Kati ya aibu ile na jiwe la Samweli ilipita miaka ishirini.

Gawa sehemu hii ya daftari mara mbili. Kwanza, andika matukio ya nyuma ambayo wewe mwenyewe au wazazi wako mliyapitia mkavuka. Ukiweza, waulize wazee na uandike kwa maneno yao. Pili, kila jioni andika mstari mmoja wa jambo la siku hiyo, ukitaja kilichotokea na si maana yake. Mstari wa kwanza kwenye daftari langu la 2016 unasema: "Jumanne. Unga kilo mbili, mama wa mlango wa pili. Hakuuliza kitu." Sikuandika kwamba Bwana ametenda makuu, kwa sababu siku ile sikuona makuu yoyote, niliona unga ndani ya mfuko wa karatasi na aibu yangu mlangoni. Miezi mitatu baadaye, nilipoisoma mistari ile kwa kufuatana, niligundua kwamba hakuna wiki iliyopita bila mtu kubisha hodi. Siku ambazo huna cha kuandika, andika "leo sijaona". Daftari lenye siku tupu linaaminika zaidi kuliko lile lililojazwa kwa lazima.

Hatua ya tano: Utunze mwili

Hapa sina maneno mengi. Eliya alipokimbia mbele ya Yezebeli, akaketi chini ya mretemu, kichaka cha jangwani, na kuomba afe (1 Wafalme 19), malaika hakumhubiria. Alimgusa, akamwambia ale. Palikuwa na mkate uliookwa juu ya makaa na gudulia la maji. Eliya akala, akalala tena, akaamshwa tena ale. Mazungumzo na Mungu pale Horebu yalikuja baada ya milo miwili na usingizi. Kwa hiyo kula, lala, oga, toka nje ukaote jua, na kama unatumia dawa usiziache. Anayefunga wiki nzima huku akiwa na vidonda vya tumbo au anatumia dawa za kisukari, na daktari wake hajui, anajidhuru kwa jina la ibada.

Hatua ya sita: Tafuta Haruni wako na Huri wako, na ujue wa kuwakwepa

Musa alihitaji watu wawili, si mkutano. Chagua mmoja au wawili kutoka jumuiya yako, uwaambie yale uliyoyaandika katika hatua ya kwanza, na uwape ombi mahususi, kwa kuwa ukimwambia mtu "niombee" ataitikia "amina" na kuondoka. Mwambie: "Jumatano nakwenda kuchukua majibu ya vipimo, naomba tuongozane." Mwambie: "Nikilala nyumbani Jumapili mbili mfululizo bila kuja ibadani, njoo uniulize." Na kama wewe ndiwe Haruni, kumbuka kwamba marafiki wa Ayubu walifanya vizuri sana kwa siku saba, walipoketi naye chini wasiseme neno (Ayubu 2:13). Waliharibu walipofungua vinywa.

Mimi nami nilitembelewa na mtu aliyeniambia, baada ya kusali vizuri na kunywa chai yetu, kwamba pengine nina dhambi iliyofichika. Alikuwa na nia njema. Nilimsindikiza hadi barabarani, na usiku ule sikulala, nikapekua maisha yangu yote tangu utotoni. Ikiwa kuna dhambi unayoijua, itubu, usamehewe na uendelee. Lakini wanafunzi walipomwuliza Yesu ni nani aliyetenda dhambi hata yule mtu akazaliwa kipofu, yeye au wazazi wake, alikataa majibu yote mawili (Yohana 9:3).

Wako wengine wa kukwepwa kwa haraka zaidi. Anayekuambia upande mbegu ya kiasi fulani ili mlango ufunguke ndani ya siku saba anafanya biashara ya Hanania. Anayekuuzia maji au mafuta ya upako na kukuagiza uache dawa anaweza kukuua. Na mikopo ya kausha damu, yaani ile ya riba kubwa mno, hata ikitolewa na muumini mwenzako anayekusalimu "Bwana asifiwe", huwa inageuza shida ya miezi sita kuwa ya miaka sita.

Jambo moja lisisubiri hatua nyingine yoyote: kama umeanza kuwaza kujiua, mwambie mtu leo, na mwende pamoja kituo cha afya. Eliya aliomba kifo, na Paulo anakiri kwamba huko Asia, jimbo la Warumi, yeye na wenzake walilemewa hata wakakata tamaa ya kuishi (2 Wakorintho 1:8). Mawazo hayo si ushahidi kwamba umeikana imani. Ni maumivu yaliyozidi uwezo wa kuyabeba peke yako, na tiba yake ipo.

Hatua ya saba: Nunua shamba lako la Anathothi

Hatua hii nimeiweka mwisho kwa sababu ndiyo inayoonyesha kama zile nyingine zimeshika. Katika mwaka wa kumi wa mfalme Sedekia, majeshi ya Babeli yakiwa yameuzingira Yerusalemu na Yeremia akiwa amefungwa katika uwanda wa walinzi kwa kosa la kusema mji utaanguka, binamu yake Hanameli alimjia gerezani akamtaka anunue shamba lililoko Anathothi, kijiji chao, kilomita chache kaskazini mwa mji, yaani nje ya kuta, walikokuwa maadui. Kibiashara ni upuuzi mtupu. Yeremia alinunua. Sura ya 32 inaeleza mauziano yale kwa umakini wa wakili: shekeli 17 za fedha, karibu gramu 200, zikapimwa kwenye mizani, hati ikaandikwa nakala mbili, moja ya kutiwa muhuri na moja ya wazi, mashahidi wakatia sahihi, kisha Baruku, mwandishi wake, akaagizwa aziweke katika chombo cha udongo ili zikae siku nyingi.

Kinachonigusa zaidi ni kinachofuata. Baada ya kulipa na kukabidhi hati, ndipo Yeremia anasali, na sala yake inaishia kwa mshangao unaokaribia kuwa lawama: wewe umeniambia ninunue shamba, na mji umetiwa katika mikono ya Wakaldayo, yaani Wababeli! Mashaka yalikuja baada ya utii, na hayakuifuta hati.

Tafuta tendo moja la namna hiyo ambalo ni dogo, la halali, liko ndani ya uwezo wako, na lina maana tu ikiwa Mungu ni mwaminifu. Mama aliyefiwa na mume anaweza kupanda miembe ambayo haitazaa leo wala mwaka kesho. Aliyefukuzwa kazi kwa uonevu anaweza kukataa kughushi cheti ili apate nyingine. Mgonjwa asiyejua ataishi hadi lini anaweza kuanza kumfundisha mjukuu wake kusoma. Mimi nililipa deni la lile duka la jirani, shilingi elfu tano tano kila Jumamosi, mwenye duka akiandika kwenye daftari lake na mimi kwenye langu, na kuna Jumamosi ambazo elfu tano hiyo ndiyo ilikuwa yote niliyokuwa nayo. Andika tendo lako, tarehe utakayoanza na mtu atakayekuwa shahidi. Kisha, kama Yeremia, sali na mashaka yako yote.

Usitarajie kwamba utalima shamba hilo wewe mwenyewe. Mji ulianguka. Yeremia alichukuliwa pamoja na Baruku hadi Tahpanhesi huko Misri, kinyume cha shauri alilowapa watu wake, na Biblia haituonyeshi siku yoyote ambayo alirudi kukanyaga ardhi aliyoilipia. Lakini karibu nusu karne baada ya mji kuanguka, Koreshi mfalme wa Uajemi aliwaruhusu mateka warudi kwao, na kitabu cha Ezra kinaorodhesha waliorudi, ukoo kwa ukoo na kijiji kwa kijiji, orodha ambayo wasomaji wengi huiruka. Katika sura ya 2, mstari wa 23, wamo watu wa Anathothi, 128.